Mabano Uliyoyasahau

Mutinda,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kompyuta yako naiogopa. Iko hapa mezani, imefungwa. Ni Jumapili mchana, Mwaitu, mama yetu, amebaki kanisani kwenye mkutano wa akina mama, na nyumba imenyamaza sana. Jogoo wako uliyesema asichinjwe bado hatujamchinja.

Ni miezi saba tangu moyo wako usimame kwenye ngazi za ile ghorofa ya Mlolongo, umebeba mtungi wa maji kwa sababu mifereji ilikuwa imekauka. Jirani yako ndiye alinipigia simu. Aliniambia, "Sista, keti chini kwanza." Nilikuwa nimeshika sindano, nachanja mtoto. Nilimaliza kuchanja, ndipo nikaketi. Sijui kwa nini nakueleza hili. Labda nataka ujue kwamba mkono wangu haukukosea siku ile.

Wiki tatu baada ya kukuzika, Daktari Musyoki aliniita ofisini kwake pale zahanati. Unajua hana maneno mengi. Alisema mwongozo wa kutibu watoto umebadilika, na wauguzi wanataka neno jipya, "isipokuwa", kwenye ile programu yako. Nikamwambia mimi ni muuguzi. Akasema, "Najua. Lakini ndugu yako alikufundisha wewe, si mimi."

Ni kweli ulinifundisha. Kila Jumamosi ulipokuja nyumbani Mitaboni ulinikuta nachambua maharagwe, ukakaa kando yangu na daftari. Ulikuwa umetutengenezea lugha ndogo ili sisi wauguzi tuandike kanuni zetu kwa Kiswahili cha kawaida, bila kungoja mtaalamu atoke Nairobi. Tunaandika: kama mtoto ana hili au lile, apelekwe hospitali. Programu inasoma kanuni, inaangalia dalili tulizojaza kwenye tableti, kisha inatuambia kama mtoto arudi nyumbani na dawa au apelekwe Machakos leo leo. Nilikuuliza inasomaje na haina akili. Ukasema haisomi sentensi, inaikata vipande vipande. Ukaviita tokeni, nami nikauliza zinauzwa wapi. "Sio tokeni za stima, Wavinya." Ulicheka mpaka Mwaitu akatoka jikoni kuangalia.

Halafu ukanionyesha jinsi vipande vinavyopangwa kuwa mti. Uliandika mbili jumlisha tatu mara nne, ukaniuliza jibu. Nikasema ishirini. Ukasema darasa la tano lilinipita. Ukachora mti: kuzidisha chini kabisa, kwa sababu kunafanywa kwanza, kujumlisha juu yake. "Mti ukichorwa vibaya," ukasema, "kompyuta haitakuambia. Itakupa jibu baya na sauti ile ile." Nililiandika hilo neno kwa neno. Sikujua nitakuja kulisoma nikilia.

Basi nikakubali. Nilichukua kompyuta yako, nikaanza kusoma ulichoandika. Kusoma programu ya mtu aliyekufa kunatisha, Mutinda. Mahali fulani ulikuwa umejiandikia, "rekebisha hapa nikipata nafasi," na hukuipata. Miezi miwili nilijifunza baada ya kazi. Nilielewa kwamba umegawa usomaji katika sehemu ndogo ndogo, kila moja na kazi yake. Moja inasoma sharti moja tu, kama vile "ana homa". Nyingine inaunganisha masharti. Ya tatu inasoma kanuni nzima. Zinaitana, na wakati mwingine moja inajiita yenyewe. Siku nilipoelewa hiyo ya kujiita nilisimama nikazunguka meza, nikatafuta wa kumwambia. Hapakuwa na mtu.

Nikaongeza "isipokuwa". Ilifanya kazi siku ya kwanza, na hapo ndipo woga ulinishika sana. Nimewahi kuzalisha mapacha peke yangu, mvua ikipiga mabati sisikii hata kilio cha mama, na sikuogopa hivi. Pale nilikuwa naona. Humu ndani sikuwa naona. Programu ilikuwa imechora mti gani? Nikaamua kuilazimisha inionyeshe: kila kanuni inayosoma, iiandike tena kwenye skrini jinsi ilivyoielewa, ikiweka mabano pande zote. Nikailisha kanuni zetu za zamani, zote. Nilikuwa naangalia tu kama neno langu jipya limeharibu kitu.

Kanuni ya nne ilikuwa hii, na niliiandika mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita: kama mtoto anashindwa kunyonya au ana homa na umri ni chini ya miezi miwili, apelekwe hospitali. Kila muuguzi anajua maana yake. Mtoto anayeshindwa kunyonya anaenda, hata awe na umri gani. Homa ndiyo inayoangaliwa na umri.

Programu iliweka mabano hivi: (anashindwa kunyonya au ana homa) na umri ni chini ya miezi miwili.

Nilisoma mara kumi. Maana yake ni kwamba mtoto wa miezi mitano aliyekataa titi, mashine inamrudisha nyumbani.

Nilidhani ni mimi. Niliomba iwe ni mimi, Mutinda. Nikafungua nakala yako ya zamani, ile ambayo sijaigusa, nikaongeza ile ya kuonyesha mabano tu. Ikatoa kitu kile kile. Hukuwa umetenganisha "na" na "au". Sehemu moja ilikuwa inayasoma yote mawili kwa zamu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayejumlisha kabla ya kuzidisha. Wewe uliyenicheka kwa ile ishirini yangu.

Nakuambia ukweli. Siku hiyo nilifikiria mambo mabaya. Nilifikiria kurekebisha kimya kimya. Nani angejua? Wewe huwezi kuulizwa. Daktari Musyoki hawezi kusoma programu. Ningebadilisha mistari kumi, jina lako likabaki safi, Mwaitu akaendelea kuwaambia watu sokoni kwamba kijana wake aliwaachia watoto wa Mitaboni kitu. Nilikaa na wazo hilo mpaka asubuhi ya pili. Halafu nikamwona mama mmoja amepanga foleni na mtoto mgongoni, nikaenda moja kwa moja ofisini.

Daktari Musyoki alinisikiliza, akavua miwani, akasema, "Zima. Zima sasa hivi." Tukarudi kwa karatasi siku hiyo hiyo. Kisha akaleta rejista za miaka miwili, akafunga mlango, tukaanza kutafuta. Tulitafuta mtoto yeyote wa zaidi ya miezi miwili aliyeandikwa hanyonyi na akarudishwa nyumbani. Kila nilipofungua ukurasa niliona giza. Wengi tulikuta wamepelekwa, kwa sababu muuguzi aliona kwa macho yake akaipuuza mashine. Nikaanza kupumua kidogo.

Tukampata mmoja. Mumo, miezi mitano. Hanyonyi tangu asubuhi. Amerudishwa nyumbani, arudi baada ya siku mbili. Hakuonekana tena kwenye rejista.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Simkumbuki, Mutinda. Hilo ndilo linanitisha kuliko yote. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, najua mtoto asiyenyonya ni hatari, naweza kulisema hata nikiwa usingizini. Lakini lazima foleni ilikuwa ndefu, na skrini ikasema nyumbani, na skrini ilikuwa ya ndugu yangu. Nilikuamini wewe kuliko nilivyoyaamini macho yangu.

Jioni nilimwambia Mwaitu. Aliacha kula. Akauliza, "Kuna mtoto alikufa?" Nikasema kuna mmoja hatujui. Akauliza tena vile vile, kama hakunisikia. Aliuliza mara tatu. Halafu akachukua sahani yake akaiosha na chakula kikiwa ndani.

Kesho yake nilienda kumtafuta Mumo. Daktari alitaka kuja nami, nikakataa, kisha nikajuta njia nzima. Kwao ni ng'ambo ya mto, unapanda kilima upande wa Iveti. Nilikuwa nasikiliza kila boma ninalopita, nikiogopa kuuliza. Nilifikiria watanionyesha kaburi dogo kando ya migomba. Nilisimama mara mbili nikitaka kurudi. Nilipofika getini niliita hodi kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

Mama Mumo alitoka na jembe mkononi. Aliniangalia kidogo tu. "Ni wewe uliniambia niende nyumbani," akasema.

Hakuwa amesahau. Mimi ndiye nilikuwa nimesahau.

Nyuma yake kikatokea kitoto, Mumo mwenyewe, kimeshika mkate, kinatembea kwa kuyumba, kamasi mpaka mdomoni. Nikakaa kwenye jiwe bila kukaribishwa. Nikamweleza yote. Nilimwambia ndugu yangu alitengeneza mashine na ilisoma vibaya, na mimi niliifuata badala ya kumwangalia mtoto wake. Sikuficha jina lako na sikuficha langu. Akaniambia jioni ile mtoto alilegea kama kitambaa. Jirani akawabeba kwa pikipiki mpaka Machakos, na Mumo akawekwa kwenye oksijeni siku nne.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Akasema polepole, "Mimi nilijua ni maziwa yangu." Nikauliza vipi. Akasema mama mkwe wake alimwambia maziwa yake ni mabaya, ndiyo yalimdhuru mtoto, na yeye aliamini. Tangu siku ile hakumnyonyesha tena. "Niko na mwaka na zaidi nikijiuliza nilikula nini." Kisha akalia, Mutinda, na jembe bado liko mkononi. Nikamwambia maziwa yako hayakuwa na kosa lolote, mama. Akanifanya nirudie mbele ya mama mkwe. Nikarudia.

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuomba. Nilipoinuka kuondoka aliniuliza kama hiyo mashine bado iko. Nikasema tumeizima. "Mkitaka kuiwasha," akasema, "uje uniambie kwanza. Uniambie inasomaje."

Basi nimeandika upya sehemu ile. Sasa "au" ina sehemu yake juu, nayo inaiita sehemu ya "na" iliyo chini yake, na hiyo ya "na" ndiyo inaliita sharti moja moja, kama ulivyonichorea kwa kujumlisha na kuzidisha. Lakini sikuishia hapo, kwa sababu woga haukuniruhusu. Muuguzi hajasomea miti. Kwa hiyo mtu akichanganya "na" na "au" bila mabano, programu inakataa kusoma. Inamwambia aweke mabano, aseme mwenyewe anamaanisha nini. Wauguzi wamenilalamikia kwamba inawachelewesha. Nimewaambia iwacheleweshe.

Wiki nzima iliyopita tulikaa na Daktari Musyoki na wenzangu, programu ikionyesha kila kanuni na mabano yake, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anasema maana yake kwa mfano wa mtoto. Tulipata nyingine mbili zilizokuwa na utata, moja niliandika mimi. Kila tuliyokubaliana tulitia sahihi. Mwaitu alituletea chai siku ya mwisho. Alikaa mlangoni akisikiliza mabano yakisomwa.

Kesho tunaiwasha. Kabla ya kufika kazini nitapitia ng'ambo kwa Mama Mumo, nimwambie inasomaje, na akisema bado, tutangoja. Nimeshamwambia Daktari hivyo, naye amekubali.

Naogopa bado. Kuna kanuni ambayo sijaiona, kuna mtoto ambaye hajazaliwa ambaye siku moja atawekwa mbele ya kile nilichoandika. Zamani nilidhani wewe hukuwahi kuogopa, ndiyo maana ulikuwa mwepesi hivyo. Sasa najiuliza kama uliogopa ukakosa mtu wa kumwambia, kule juu ghorofani peke yako, na mimi nikidhani uko tu na raha zako. Sikuwahi kukuuliza. Nilikubeba mgongoni ukiwa mdogo, na ulipokua sikukuuliza hata mara moja.

Nakuahidi hivi. Hakuna kanuni itakayomgusa mtoto wa mtu kabla sijaisoma kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Na skrini ikisema nyumbani, nitamfunua mtoto kwanza nimtazame. Jina lako nimeliacha juu ya programu pale pale ulipoliandika. Chini yake nimeandika kosa lilikuwa gani, na lilimpata nani, ili atakayekuja baada yangu asidhani tulikuwa malaika.

Lala, mwana wa mama. Nilikukasirikia sana, na nimekusamehe leo asubuhi kanisani, si kabla ya hapo. Na wewe ukiweza, nisamehe.

Dada yako,
Wavinya