Gambuti Ndani ya Nyumba

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mtoto wangu Cherono amesimama sasa hivi! Mara ya kwanza. Ameshika mguu wangu, akajivuta, akasimama. Nikapiga kelele. Si ya furaha, ya uchungu. Akaachilia, akaanguka kwa makalio, akaniangalia kama hanijui. Alama za vidole vyake ziko hapa chini ya goti, zinageuka bluu. Najichukia.

Alhamisi, 6 Machi

Gambuti yangu ya mpira, ile ya kuchumia chai, imekataa kupanda. Imekwama kwa kifundo. Nyayo zangu bado ndogo, ni kutoka kifundo kwenda juu pamefura tangu nijifungue. Nimechuma chai nikivaa raba za kitambaa, umande umenimaliza. Kogo, mama ya bwana yangu, anasema ni kula sana. Sawa. Nimeacha ugali.

Jumapili, 9 Machi

Sijaenda kanisa. Rinda linaonyesha miguu. Njaa, kizunguzungu, na miguu ni ile ile. Cherono hutambaa mpaka karibu yangu, halafu anapinda, anaenda kushika stuli. Mtoto wangu ananiogopa. Hiyo inaniuma kuliko miguu.

Jumatano, 12 Machi

Kliniki, Bomet. Daktari amenibonyeza polepole, akauliza kama kwetu kuna mwingine mwenye miguu kama hii. Mama! Na dada yake. Akaniambia jina, lipedema. Ni ugonjwa wa mafuta kujaa miguuni, si ulafi. "Mama Cherono, kula. Hujakosea mtu." Hakuna dawa ya kuimaliza, lakini kubana miguu kwa kitu cha kuvutika na kutembea kunasaidia. Nimelia pale kwa benchi, machozi mepesi.

Nimekula ugali Kogo akiniangalia. Akaniongezea mboga.

Ijumaa, 14 Machi

Bwana yangu amepasua gambuti nyuma, akashonea hapo tyubu kuukuu ya bodaboda ili zivutike. Zimepanda! Nikasahau kuzivua. Jikoni Cherono akaja, akagusa mpira, akangoja nipige kelele. Nikanyamaza. Akashika. Akasimama. Haikuuma sana, mpira umenikinga.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Nimevaa gambuti ndani ya nyumba tangu asubuhi. Kogo anacheka: "Mama Cherono, kwani unachuma majani jikoni?" Acha acheke. Miguu bado mizito, jioni itauma, najua. Cherono amenishika hapa nikiandika, anaimba kale kawimbo kake, hakana maneno. Ameachilia mkono mmoja. Kogo anaita huko nje, ndama ameingia kwa shamba la chai. Naenda, Kogo, lakini huyu bado amenishika, wacha kwanza nione kama ataachilia na huo mkono mwingine.