Ukipotea, Utasema Nini?

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, shemeji na mtoto wetu Kasuku. Mgongo vipi? Nimekwambia mara ngapi hiyo cherehani uiweke kwenye meza ndefu, husikii. Mimi mzima, ila mikono tu. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli wamenihamishia kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, na mvuke wake hauna huruma na mtu.

Dada, sitaki kuzunguka. Nilipomwacha Kasuku kwako akiwa na miezi minne tulikubaliana mambo mawili. Kwanza, ataniita mama mdogo na wewe atakuita mama, ili watu wasitusumbue kwa maswali. Pili, kabla hajaanza darasa la kwanza ataambiwa aliyemzaa ni nani, na atakayemwambia ni mimi. Januari anaanza darasa la kwanza. Nimeomba ruhusa ya Jumamosi moja, tarehe kumi na tisa, na msimamizi amekubali baada ya kuninunia wiki nzima. Shemeji akija kununua vyuma vya kuchomelea, aje naye. Nitamtembeza mji wote ashibe kuona, na jioni, chumbani kwangu, nitamwambia. Jumapili asubuhi shemeji atampitia warudi wote.

Nimemnunulia shuka jipya, lina maua. Usinicheke, najua nashinda kwenye mashuka.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tu wazima, mgongo ni uleule, na meza ndefu utaniletea wewe. Shemeji wako anakusalimu, anasema mwaka huu umekuwa mtu wa barua fupi.

Tulikubaliana, sikatai. Atamleta. Sasa sikiliza vizuri, maana wewe na huyu mtoto mnajuana kwa salamu tu. Kwenye basi akae mbele, la sivyo atatapika. Soda asipewe kabla ya kula. Akinyamaza ghafla ujue anataka chooni, usimsubiri aseme. Mdomo haumkauki, na ukimjibu swali moja anakuletea matatu. Ukichoka mwambie hujui, atakuhurumia na kukueleza yeye.

Nimemshonea gauni la njano lenye mifuko miwili mikubwa, umwone hata kwenye umati. Na nimemfundisha la kusema akipotea. Analijua lote kwa moyo, analikariri hata akioga, kwa hiyo kwa hilo ondoa shaka.

Mwambie taratibu. Na umwambie akiwa ameshiba.

Dada yako

28 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Kasuku alifika salama, na viatu vyote viwili, jambo ambalo shemeji wako hakulitegemea. Kutwa ni lifti. Amewaambia watoto wa mtaa mzima kwamba mjini kuna chumba kidogo, unaingia, mlango unajifunga, ukifunguka unakuta nje wameshapabadilisha.

Lakini kuhusu lile jambo letu hajatamka neno. Ananiita mama kama siku zote. Namtazama akila, namtazama akivaa soksi, sioni kitu. Ulimwambia au hukumwambia? Mimi kazi haifanyiki. Juzi nimeshona mkono wa shati upande usio wake, mteja akanipa vidonge vyangu. Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijui niseme sijambo au niseme nini.

Sikumwambia. Nitakueleza ilivyokuwa, na nakuomba usome mpaka mwisho bila kumpa shemeji akusomee.

Siku ilianza vizuri mno. Nilimpeleka kwanza kwenye lile jengo la ghorofa ishirini na mbili. Ndani ya lifti kuna kioo ukuta mzima. Akajitazama, akanitazama, akasema mbele ya watu, “Mama mdogo, mbona una masikio yangu?” Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Nusura nimwambie palepale, ila tulikuwa tumebanwa na fundi mwenye ndoo ya rangi. Juu kabisa akauliza kwenu ni upande gani, akapunga mkono muda mrefu. Alipunga upande usio wenu, sikumsahihisha. Tukaenda bustanini. Akaangalia bata bwawani, akaniuliza kwa upole kama kweli tumepanda mabasi mawili kuja kuona bata. Dada, nilikuwa na furaha. Nilitembea barabarani nimeshikwa mkono, na kila aliyepita nilitaka atuone.

Mchana tukaingia jumba la makumbusho. Kuna ukumbi wenye mifupa ya nyangumi, imening'inizwa darini. Niliuachia mkono wake nifunge kamba ya kiatu. Kuinuka, hayupo.

Nilizunguka kumbi zote, roho mkononi, namwita. Kipaza sauti kikasema kuna mtoto anamsubiri mama yake mlangoni. Nikasimama. Kikasema mama huyo ni mnene, ana pengo la jino la mbele, ana kovu la pasi mkono wa kushoto. Nikaendelea kumtafuta mwanangu. Nilisikia, Dada, nikapita. Nilimwonea huruma yule mama mnene, nikasema moyoni kumbe tuko wawili. Kilirudia mara ya pili, nikapita. Mara ya tatu kikataja gauni la njano lenye mifuko miwili, ndipo nikakimbilia mlangoni.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mlinzi, hana hata wasiwasi. Mlinzi, mama wa makamo, akaniuliza mimi ni nani yake. Nikasema mama yake. Hilo neno sijawahi kulisema kwa sauti tangu nimtoe kifuani. Mlinzi akamgeukia, “Huyu ndiye mama?” Kasuku akasema, “Hapana. Mama yuko nyumbani. Mama ni mnene, ana pengo, ana kovu la pasi mkono wa kushoto.” Alilisema kama anavyolisema akioga. Mlinzi akanitazama kuanzia kichwani mpaka kiatuni, kiatu chenyewe kamba haijafungwa. Akasema, “Sasa wewe, kwa nini unadanganya mbele ya mtoto?”

Walituweka pale saa nzima. Watu wakawa wanapita wananitazama kama mwizi. Mwishowe Kasuku akachoka, akasema, “Mwacheni, namjua, ni mama mdogo, ana shuka la maua.” Kwenye daftari lao mlinzi alikuwa ameshaandika “mama”. Akalikata kwa mstari, akaandika juu yake “mama mdogo”, na kwa kuwa kulikuwa na neno limekatwa akaniambia niweke sahihi mara mbili. Nikaweka.

Jioni nilimpikia, akala akashiba kama ulivyosema. Nikakaa naye kitandani. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, “Mama mdogo, kwa nini ulimdanganya yule mama wa mlangoni?” Akasema wewe umemfundisha mtu akidanganya anaomba msamaha. Alikuwa anasubiri. Basi nikamwomba msamaha. Nimemwomba msamaha mwanangu kwa kusema mimi ni mama yake. Akanisamehe na kunipigapiga begani.

Sasa nijibu na wewe. Ulijua siku hiyo hatakuwa na wewe, atakuwa na mimi. Ulipomfundisha vile ulisahau?

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Ningeweza kusema nilisahau, na ungeniamini, maana ungetaka kuniamini. Sikusahau.

Nilikuwa napiga lile gauni pindo. Nikamwita, nikamuuliza, ukipotea mjini utasema unamtafuta nani? Nilikusudia kumfundisha wewe. Mrefu, mwembamba, mikono ina alama za mvuke. Nilifungua mdomo nikajikuta najisema mimi. Akarudia. Nikasikia raha, mdogo wangu, raha ya ajabu. Nikasema kesho nitamsahihisha. Kesho nikamuuliza tena, akasema vilevile, nikampa sukari. Nilitaka akipotea popote duniani, arudishwe kwangu.

Lakini na wewe usijifanye umeonewa peke yako. Miaka sita umekuja mara nne. Surua yake niliiuguza mimi, meno yake niliyang'oa mimi. Uchungu wa kumzaa uliuona wewe, sikunyang'anyi, lakini baada ya siku ile ulikwenda zako na mimi nikabaki. Tumbo langu limekataa mara tatu na unajua. Wewe ndiye uliyemweka mikononi mwangu ukasema, mpende kama wako. Nilikusikiliza.

Nichukie ukitaka. Ila niandikie.

Dada yako

15 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua imefika. Kweli yako imeniuma kuliko ambavyo uongo ungeniuma.

Ya mara nne ni kweli. Kila nilipokuja alijificha nyuma ya sketi yako, na nilirudi huku najiona mgeni aliyekosea nyumba, ndiyo maana sikuzidisha. Najilaumu, na nitaendelea kujilaumu bila msaada wako.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mfundishe upya. Kwa mdomo uleule, kwa sukari ileile. Akiulizwa mama yake yukoje, aseme mrefu, mwembamba, mwenye masikio kama yake. Siwezi tena kuanza mimi, kwake mimi ni mwongo aliyesamehewa. Anayeaminiwa ni wewe.

Mdogo wako

20 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima, mvua imechelewa. Shemeji wako alipata cheche jichoni, sasa ameshapona. Samahani kwa kukaa kimya miezi hii, kazi ya sare za shule ilinielemea. Kasuku tumeshamwandikisha darasa la kwanza. Ameota jino jipya la mbele, kubwa kuliko mdomo. Anajua kuandika sasa, tena ana mwandiko mzuri. Nimemwachia nafasi hapa chini akusalimie mwenyewe.

Dada yako

Shikamoo. Mimi mzima. Lini tutapanda lifti tena. Nakupenda. Ni mimi mwanao.

2 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Nimeipata barua, na salamu za chini yake nimezisoma nikiwa kwenye mashine, mpaka shuka likaungua.

Mwanao. Nililishika neno hilo siku mbili kama lulu. Nikaona hata mama mdogo hajaniita. Nikasema ameambiwa, anajua, dada yangu amefanya. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba mtoto yeyote akimwandikia mama yake mdogo huandika hivyohivyo, mwanao. Hata sisi tulimwandikia hivyo mama mdogo wetu, na hakutuzaa.

Nikaipeleka barua dirishani. Chini ya wino wake kuna kalamu ya risasi, imefutwa haikufutika vizuri. Ni mwandiko wako, herufi kwa herufi, na yeye amepita juu yake. Kumbe neno ulilichagua wewe. Ulitafuta neno ambalo mimi nikilisoma nitalala, na yeye akiliandika hatauliza, na wewe hutapungukiwa na chochote. Lipo moja tu, na umelipata. Siku zote wewe ndiye mwenye akili kwetu.

Sitaki tena unisemee, wala unikatie neno la kuandikiwa. Nakuja Jumamosi hii kwa basi la kwanza, na nitamwambia mwenyewe, jikoni kwako, wewe ukiwa umekaa hapo unasikia. Akisema nadanganya, nitakugeukia wewe, naye atakugeukia wewe, tuone utasema nini.

Mpaka siku hiyo, Dada, usimfundishe chochote.

Mama yake