Wali Wangu Unawalaza Mafundi Ghorofani

Bi Mwanatumu, shikamoo. Nakuomba unishike mkono kabla sijafukuzwa.

Mimi ni Jumwa wa Waa, nawapikia mafundi wanaojenga jengo la ghorofa nyingi huku Diani, na wali wangu wa nazi na maharage ndio ulionipa jina, kwani mimi tui silitii maji, lakini sasa jina hilo linaniponza, maana filimbi ya kupanda juu hupulizwa mafundi bado wanalamba vidole, na wakifika huko wanasinzia. Juzi Garama, fundi wa plasta, alisinzia wima kwenye jukwaa, mwiko mkononi, akapepesuka, ukanda wa usalama ndio uliomdaka, akawa ananing'inia huku akiuliza, "Nani amenisukuma?" Wenzake walicheka, mimi nikaketi chini.

Basi msimamizi wao, Elphas, mtu wa bara, akanijia juu: "Mama Jumwa, hiyo nazi yako itaniulia watu! Kuanzia kesho pika githeri, ama usikanyage hapa!" Nikapika githeri, hayo mahindi yao na maharage, mafundi wote wakavuka barabara wakala kwa Twaiba, mpishi mwenzangu, nikarudi nyumbani na sufuria imejaa, tukala githeri mpaka paka akanuna.

Na jana, mamangu, niliingia stoo nikamkuta Elphas mwenyewe amelala juu ya mifuko ya simiti, anakoroma, bakuli la Twaiba kifuani, na masalio yaliyomo ni wali wa nazi! Je, nimshitaki kwa mwenye jengo, au niache kazi nikalime mihogo?

Jumwa, Waa

Jumwa, marahaba.

Pole kwa githeri. Lakini mtu ameponea ukandani, nawe unanisifia tui lako? Wali wa nazi upike Jumamosi, wanapofunga kazi mchana. Siku nyingine pika ugali, samaki na mchicha. Asubuhi wauzie mahamri na mbaazi, wasifike adhuhuri na njaa ya kujishindilia mpaka shingoni.

Hata hivyo usiilaumu nazi peke yake. Mtu aliyebeba zege juani tangu asubuhi, akala na kurudishwa juu hata hajanawa, uji mtupu ungemlaza.

Kumshitaki Elphas, usithubutu. Ataletwa mwingine asiyejua hata ladha ya chakula. Mwite pembeni, umwambie kwa adabu: "Baba, jana nilikuona stoo umejipumzisha, nikafurahi. Mafundi nao wapumzike nusu saa kivulini kabla ya filimbi." Kisha nyamaza. Usicheke, wala Twaiba usimtaje. Ataelewa.

Asipoelewa, hapo sasa mwende kwa mwenye jengo wewe na Garama, mkaeleze habari ya ukanda, si ya bakuli.

Ila Elphas umwone asubuhi, kabla hajala. Mwanamume aliyeshiba hukubali kila kitu, na akiamka amesahau.

Bi Mwanatumu