Kisamvu cha Anjelina Chageuka Kesi

Theo shosti, kaa chini kwanza. Anjelina kaponea chupuchupu!!

Si unakijua kile kisamvu alichopanda nyuma ya jiko la mabosi wake, huko Al Khoudh anakofanya kazi za ndani? Majani yamekuwa ya njano, ncha zimeungua. Kapiga picha atuulize sisi wenzake dawa, kakosea, kaituma kwenye group la familia ya bosi!! La FAMILIA, Theo! "Mmea wangu unaumwa, nisaidieni."

Bosi mwenyewe, Yaqdhan, kaliona lile jani la vidole akiwa ofisini, karudi mbio. "Anjelina! Unalima bangi nyumbani kwangu?!"

Bangi! Anjelina huyu huyu wa kwaya! "Mboga, baba. Mboga tu, baba."

Katoka bibi, mamake Yaqdhan, yule mzaliwa wa Unguja. Kachuma jani, kalinusa. "We Yaqdhan una wazimu? Hichi kisamvu! Si unakila kila siku?"

Kumbe mwenzetu anakijua kikiwa kwenye sahani tu 😂

Bibi kamgeukia Anjelina. "Na we mwanangu, unakimwagia nini?"

"Maji niliyorowekea papa mkavu, bibi. Nilijua ni mbolea."

"Na chumvi yote ile! Utakiua!"

Unadhani bibi kangoja kipone? Kachuma chote kilichobaki kizima, na aliyepewa mchi atwange ni bosi Yaqdhan. Na kanzu yake ya ofisini, Theo!

Anjelina kanipigia sasa hivi, analia huku anacheka. Majani ya njano hayamsumbui tena. Ya kijani yenyewe hana.