Masikio ya Kisanduku

Ngara Mjini,
4 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Hamjambo huko Runazi? Mgongo wa mama umeachia? Mimi mzima, ila vumbi la stendi linanimaliza. Nakuandikia kwa sababu kila nikipiga unasema simu haina sauti, halafu unakata.

Chama cha wakulima kimenipa kazi: niwachagulie kisanduku cha kuongoza mashine yenu ya kusaga, kile sisi mafundi umeme tunachokiita PLC. Kinapokea ishara kutoka kwenye mashine, kisha kinawasha na kuzima chenyewe. Mwenyekiti Jovitus keshachagua chake kwa wakala mmoja. Kina nafasi nane za kupokea ishara, kwa sababu alihesabu swichi za ukutani akapata nane. Mimi natakiwa nitie saini tu.

Hiyo nane siiamini. Umeiendesha wewe miaka ishirini na sita. Niandikie kila kitu unachokiangalia tangu kuiwasha hadi kuizima. Usifiche.

Mwanao,
Adventina


Runazi,
11 Februari 2025

Adventina, marahaba.

Sisi wazima. Mama yako mgongo unamuuma, na jana kapalilia maharage kutwa nzima, sasa nani wa kumzuia?

Yaani nikuandikie kazi yangu yote, uiingize kwenye kisanduku, kisha mimi nirudi nyumbani kufukuza kuku? Na mashine hiyo hiyo ndiyo iliyokusomesha! Siandiki ng'o.

Ila nikuulize, hicho kisanduku kina masikio mangapi? Mimi naweka kiganja juu ya beringi, najua imepata moto. Mkanda ukilegea nausikia hata nikiwa mlangoni. Jirani yangu wa kuchomelea akianza kazi, umeme unashuka, nami napunguza mahindi kabla mota haijaungua. Nachungulia sumaku, maana watu wa hapa wanaleta mahindi na misumari yake. Chekeche likiziba najua. Nang'ata punje nijue kama bado zina unyevu. Na akina mama nawaangalia. Kitenge cha Clotilda kiliwahi kushikwa na mkanda, nikazima kabla hajapiga kelele. Kisanduku kitamwona Clotilda?

Mwambie Jovitus anijibu hilo.

Baba yako,
Gozbert


Ngara Mjini,
3 Machi 2025

Shikamoo baba.

Natumaini hasira zimepoa. Kama hazijapoa ziache hivyo hivyo, tutazihitaji.

Ulisema huandiki, ukaandika! Barua yako nimeisoma mbele ya kamati. Kwenye swichi nane nimeongeza joto la beringi, umeme kushuka, sumaku na chekeche. Jumla ishara kumi na mbili. Mkanda, punje na Clotilda nimekuachia wewe. Masikio yako yanatosha.

Nikawaambia tuchukue kisanduku cha nafasi kumi na sita, nne zibaki akiba. Tena kile cha wakala kimefungwa kwa namba ya siri anayoijua yeye peke yake. Kikigoma wakati wa mavuno, Runazi nzima inamsubiri yeye. Cha kwangu namba ya siri itakaa chamani, na mashine haitawaka mpaka mtu ageuze ufunguo. Mtu huyo ni wewe.

Jovitus akasema nitie saini kwenye nane au anatafuta fundi mwingine. Nikaweka kalamu mezani, nikamwambia atafute. Kazi hii naihitaji, baba, wewe unajua, lakini saini yangu hapati. Mkutano wa wanachama wote ni tarehe 22. Mimi si mwanachama, sitaingia. Wewe usikose.

Mwanao,
Adventina


Runazi,
14 Aprili 2025

Marahaba, mwanangu.

Tuko salama. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama unakula.

Mkutano ulifanyika hapa mashineni, wakala naye akaja, ukawa moto. Asubuhi Jovitus alinifuata, eti nikisema nane zinatosha nitabaki na kazi ya ulinzi. Nikamwambia akalinde yeye. Mbele ya wanachama nikamkabidhi wakala mashine, nikasema, "Haya, iendeshe kwa swichi zako nane, mimi nimekaa." Haukupita muda chekeche likaziba, unga ukamrudia, akatoka mweupe mpaka kope. Akina mama walicheka wakakaa chini. Mikono ikanyooshwa: kisanduku ni cha kumi na sita, na fundi ni wewe.

Sasa jambo lingine, na hili usimwambie mtu. Jumanne iliyopita mkanda ulilegea ukaanza kulia. Wote waliokuwa kwenye foleni waliusikia. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, sikusikia chochote. Clotilda ndiye aliyenivuta shati nikarudi nyuma, na mkanda ukakatika ukapiga pale pale niliposimama. Nilijisifu sana kwako. Nyani haoni kundule.

Simu yako haina ubaya, mwanangu. Sauti ipo, ni mimi nisiyeisikia, na ni muda sasa. Niliona aibu kusema.

Kazi siachi, na ufunguo simpi mtu. Nani atang'ata punje? Lakini umesema zimebaki nafasi nne. Moja uipe mkanda.

Baba yako,
Gozbert