Mshiko wa Mama Ombeni

Jumamosi, 6 Juni 2015

Louisville. Tuko hotelini. Mabega yamekufa, moyo unacheka. Tumekuwa wa pili! Na tungekuwa wa kwanza kama si mimi. Mpira ulikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye shimo, hata mtoto angeusukuma ukaingia. Mimi nikausukuma ukapita pembeni, ukaenda zake kutembea. Mke wangu Bulonza alinisogelea. Alinipangusa jasho kwa kitenge chake mbele ya watu wote. Afadhali angenitukana.

Haya mashindano ya gofu ni ya wanandoa wa kwetu, Wakongomani na Watanzania wa miji mitatu: Louisville leo, kwetu Columbus Julai, Buffalo Agosti. Mume na mke, mpira mmoja, mnapiga kwa zamu. Mmoja akiharibu, mwenzake anasafisha. Aliyebuni mchezo huu alikuwa ameoa, nina hakika.

Lakini leo! Shimo la saba mke wangu aliupiga mpira mpaka wenyeji wakaacha kuongea. Rutayisire, yule aliyetushinda, aliniuliza huyu mama kajifunzia wapi. Nilijibu kwamba anafanya mazoezi sana. Kweli yenyewe ningemwambia nini? Kwenye kinu.

Jumatatu, 8 Juni

Viganja vyangu vimejaa malengelenge. Kazini leo masanduku yote yalikuwa na miiba, naapa.

Mimi ndiye niliyeleta gofu nyumbani. Nikanunua glovu, nikatazama video, nikanunua na kile kibanio cha chuma cha kufinya mpaka vidole vitetemeke. Mwaka mzima nafinya. Bulonza alikuja uwanjani siku moja tu, kuniletea maji. Akaomba ajaribu. Alishika fimbo kama mtwangio, ngumi mbili zimekaza, akapiga—mpira hatukuuona tena. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Mikono ile imetwanga sombe, kisamvu cha kwetu, tangu utotoni, imelima Kabare kule Kongo, na sasa inageuza wazee vitandani kule Reynoldsburg. Kibanio changu nimekificha chini ya sinki.

Jumapili, 21 Juni

Baada ya misa tulikwenda na Germana kwenye uwanja wa mazoezi. Germana ni Mtanzania, anakaa Hilliard, ni mfamasia, na alianza gofu akiwa msichana huko Moshi. Mwalimu mzuri, ila hana utani hata tone.

Alimtazama Bulonza akipiga mara chache, kisha akamshika mkono. "Dada, unaikaba koo hiyo fimbo. Nguvu unayo, tena ya kugawa. Tatizo unaitumia yote kushikia." Akamwonyesha: vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto ndivyo vinavyobeba, gumba linalala tu, halisukumi. Kidole kidogo cha kulia kipande juu ya cha shahada cha kushoto. Ashike kama anavyoshika mkono wa mtoto akivuka naye barabara ya Morse: asiponyoke, asilie.

Bulonza akajaribu. Mpira ukaenda mbali, umenyooka, bila kelele. Akajaribu tena—ngumi zikarudi. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Papa Ombeni, nikilegeza naona sawa vile itaanguka. Kwetu mutwangio ikikuponyoka, inavunja mutu muguu." Nikamwambia hapa hakuna miguu ya kuvunja ila yangu.

Alirudia mpaka jua likazama. Sijui mtu mwingine mwenye moyo huo. Mimi video ya dakika kumi simalizi.

Jumamosi, 11 Julai

TUMESHINDA! Hapahapa Columbus, mbele ya kanisa zima! Rutayisire na mkewe wamekuwa wa pili. Sasa tuko sawa nao, Buffalo ndiyo itakayoamua. Mkono umechoka kwa kupeana salamu. Sina zaidi. Nalala.

Jumapili, 19 Julai

Leo nimeona kitu.

Mlangoni pa kanisa Bulonza aliwasalimia watu kwa kutoa kifundo cha mkono. Kila mtu akakishika, akapita, hakuna aliyeshangaa. Ndivyo tunavyofanya mikono ikiwa na maji au unga, unampa mwenzako kifundo ili usimchafue. Ila mikono ya Bulonza ilikuwa mikavu. Na alimpa kila mtu ule wa kulia huku wa kushoto ameuficha ndani ya kitenge.

Mama Clémence, rafiki yake, alipomshika wa kushoto kwa furaha, nilimwona Bulonza akifumba macho.

Nyumbani nikauliza. Hakuna kitu, eti. Nikauliza tena. "Ni hii gumba tu. Inalia kidogo asubui." Kidogo! Nilimwona akifungua kopo la mawese kwa meno. Kwa meno, yeye, aliyekuwa ananifungulia mimi.

Jioni alijikanda. Maji ya moto, chumvi, kitambaa, vile mama yake alivyomfundisha. Kila kitu kwao kinakandwa: mgongo, goti, huzuni. Jumatatu asubuhi mkono ulikuwa umevimba zaidi, naongeza hapa kabla sijaenda kazini.

Jumanne, 21 Julai

Kliniki. Mtaalamu wa mikono, mama mmoja mpole, alimwambia Bulonza afiche gumba ndani ya ngumi kisha ainamishe kifundo upande wa chini. Bulonza aliruka kutoka kwenye kiti. Mishipa ya gumba imechubuka ndani ya njia yake, mama yule alieleza. Kukaza sana, siku nyingi, kazini na uwanjani. Avae kifaa cha kushikilia gumba, aweke barafu. Maji ya moto aache kabisa! Wiki sita bila fimbo. Akilazimisha, huenda watampasua, na kuinua wazee atasahau kwa muda mrefu.

Bulonza alisikiliza yote kwa heshima. Kisha akauliza kama Buffalo iko kabla ya hizo wiki sita au baada.

Garini nilipandisha sauti. Nikasema kombe ni bati tu. Akanijibu taratibu kwamba tangu tufike nchi hii anafanya kazi ambazo hakuna anayemtazama akizifanya. "Ile siku watu walinyamaza, donc, nilisikia na mimi niko mutu." Nikazima redio, ingawa ilikuwa imezimwa tayari. Nilibonyeza tu nipate cha kufanya.

Nampenda huyu mwanamke. Naogopa pia.

Alhamisi, 6 Agosti

Wiki mbili hizi amekuwa mtiifu mpaka nikashuku. Kifaa amevaa, barafu ameweka, fimbo hajagusa mpaka jana. Kazini wamempa kukunja shuka. Uvimbe ulipungua, basi nikakubali twende Buffalo! Jana Germana alimjaribisha kwa mipira michache, na kwa mara ya kwanza ngumi hazikurudi. Germana akatabasamu. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna atakayeniamini.

Leo nimetoka kazini ghalani, nikasikia mlio nikiwa bado kwenye maegesho. Du, du, du. Nikajua. Nikapanda ngazi mbili mbili. Jirani wa chini alikuwa mlangoni kwetu anauliza kama tunavunja ukuta.

Bulonza alikuwa jikoni, kinu kati ya magoti, kifaa cha gumba juu ya friji. Anatwanga sombe! Kesho tunalala kwa Bagula, kaka yake mkubwa, huko Buffalo, na huwezi kwenda kwa kaka mkubwa mikono mitupu. Nikasema duka la Morse lina sombe iliyotwangwa tayari, imegandishwa, mifuko hata kumi. Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Ile ya mashini? Nimupe grand-frère ile?" Nikasema basi nitwange mimi. Akaniachia. Nikatwanga. Majani yaliruka mpaka kwenye pazia. Akanivumilia kidogo, akachukua mtwangio wake.

Ningemnyang'anya. Sikumnyang'anya. Alikuwa anaimba, na nilikuwa sijamsikia akiimba tangu Louisville. Nikakaa kwenye kiti nikamtazama, mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Agosti

Buffalo. Naandika garini. Radi imesimamisha mchezo, honi ililia, watu wote wamekimbilia magari yao. Mvua inapiga paa. Bulonza yuko kando yangu, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa barafu.

Nimebakiza shimo moja kuandika, maana ndilo lililobaki. La mwisho. Sisi na Rutayisire tuko sawasawa. Na mke wangu leo! Asubuhi gumba lilikuwa limevimba. Bagula alisifu sombe, akala mara mbili, hakujua alikuwa anakula nini. Uwanjani Bulonza alipiga kwa mshiko mlaini kabisa, kila mpira umenyooka. Mashimo tisa ya kwanza nilisahau kuogopa. Mke wa Rutayisire mwenyewe alimpigia makofi. Baadaye nikaona anapiga kisha anageuka upande ili nisimwone uso. Tulipofika kumi na tano alikuwa anabadilisha fimbo kwa mkono mmoja.

Shimo la mwisho zamu ya kuanza ilikuwa yangu. Nikapiga ovyo. Mpira umelala kwenye majani marefu, sasa na maji juu yake. Unaofuata ni wake, na mbele kuna bwawa. Majani ya namna hiyo yanaishika fimbo na kuipindua mkononi. Lazima akaze. Pale ndipo hakuna namna nyingine, mshiko mlaini hautoshi. Kubadilishana zamu hairuhusiwi.

Nikamwambia tuwaachie. Akatoa mkono kwenye barafu, akashika vidole vyangu viwili, akafinya.

"Sema kweli. Unasikia nguvu?"

"Kidogo."

"Kidogo ya kupita mayi ya bwawa?"

Nikautazama mkono wake. Alikuwa anafinya kwa nguvu zake zote, niliona kwenye shingo yake. Vidole vyangu vilikaa tu.

"Bon," akasema, macho kwenye mvua. "Papa Ombeni, leo weye njo utasema. Ukisema twende, nitaenda. Ukisema tuache, tutaacha."

Bulonza huyu! Aliyechagua jina la mtoto, kanisa, gari, hata upande wangu wa kitanda! Hajawahi kuniachia neno la mwisho, wala sijawahi kuliomba. Ndipo nilipojua inauma kiasi gani.

Mvua imepungua. Rutayisire ameshatoka, ananyoosha mgongo. Honi imelia tena.

Glovu iko juu ya paja lake. Hajaivaa, hajaiweka mfukoni. Ananitazama ninavyoandika.