Koti Lililobaki Silanga

Hosteli ya wasichana, Amerika
Jumatano asubuhi, Februari 2008

Muema ndugu yangu,

Niaje? Umeamkaje wewe, na mgongo wako wa kazi ya mjengo, na huyo Aunty Kalunde anayekulisha githeri asubuhi na jioni mpaka unalalamika? Nauliza hali zenu kwa karatasi kwa sababu kila nikiuliza kwa simu unanijibu, "Tuko poa, Sista, wewe soma." Hiyo poa yako imenichosha, bana. Mimi siko poa. Barua hii ni ya kukuambia hivyo, halafu na wewe uniambie ukweli wako.

Anakuletea Mama Kioko, yule nesi wa kwetu Machakos ninayeenda naye kanisani huku, anayesafiri kesho kuja kumwona babake mgonjwa. Nimemwambia akifika hapo Kawangware asimwachie mtu mwingine yeyote, akuwekee wewe mkononi. Amekubali, lakini aliniangalia kwa jicho la huruma ambalo sikulipenda. Yeye huongea na watu wa nyumbani kila siku. Sijui amesikia nini.

Wacha nianze na yangu. Muema, nilikudanganya. Ukiniuliza masomo nasema yako fiti, na wiki tatu sasa sijakanyaga darasani. Jua la huku mwezi huu linachelewa kama fundi wa nguo aliyekuahidi Jumamosi, na saa kumi na moja jioni limeshatoroka. Nje ni theluji tupu, miti haina hata jani. Nikiamka mwili ni mzito, kama nimepandisha mtungi wa maji kutoka kule bwawani. Chakula hakina ladha. Nalia bila sababu, kisha nalia kwa sababu nimelia. Mwanzoni nilifikiri nimerogwa, haki ya Mungu, mimi na kemia yangu yote! Nikakaa nikihesabu ni jirani gani hakufurahi nilipopata nafasi ya kuja huku.

Nesi wa koleji akaniambia hapana, ni giza na baridi, ni ugonjwa unaojulikana, hata waliozaliwa hapa unawashika. Akanipa taa moja nyeupe, kubwa kama sinia, nikae mbele yake nusu saa kila asubuhi nijidanganye kwamba ni jua. Kwa hivyo dada yako, yule wa kupigiwa vigelegele na majirani wa ploti nzima, siku hizi anakaa mbele ya balbu kama kifaranga. Cheka basi. Cheka kicheko chako cha kweli, maana hiki unachonichekea kwa simu siku hizi sikijui.

Yule nesi aliniuliza, "Na nyumbani wako salama?" Nikasema ndiyo. Ningemwambia nini? Kwamba mwezi uliopita, kwa zile vurugu za kura, nilikuwa kwa meza ya chakula, televisheni ikaonyesha moshi juu ya mabati, nikaitambua ile kona ya kuingia soko la Toi? Msichana aliyekaa mbele yangu aliniomba chumvi. Nikampa. Siku mliyotoka nyumbani kwetu Silanga mbio, nyinyi na vibegi viwili na sufuria moja, mimi nilikuwa kitandani chini ya blanketi tatu. Nikajiambia, wenzako wanachomewa, wewe unalilia baridi? Kwani huna haya?

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniamsha, nacho ni flashi ya mama yetu, Mathe. Unajua mpango wetu, ila hujui wote. Saa kumi na moja jioni yenu, saa mbili asubuhi yangu, akishafunga kibanda chake cha nguo, anapiga na kukata. Maana yake, tuko salama, amka uende shule. Hata Toi ilipoungua alipiga. Hata mlipohamia kwa Aunty alipiga. Na flashi ya Mathe naijua kama kikohozi chake. Inalia mara mbili, anakata haraka, kwa sababu anaogopa nikishika nitamla kredo ya simu. Mbili. Tangu nije huku sijawahi kusikia ya tatu.

Hilo liweke akilini, nitalirudia. Kwanza koti.

Unakumbuka Agosti, Mathe alivyofungua lile belo jipya la mitumba? Wateja walikuwa wamemzunguka wakigombania kamera, zile nguo za juu kabisa zisizo na doa. Akachomoa koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu, akalikumbatia. "Hii ni ya mtoto wangu anaenda majuu. Nyinyi ngojeni za kwenu!" Nililivaa uwanja wa ndege nikatokwa na jasho, na nikaringa. Yale makoti mengine, meusi, mazito, yenye manyoya ndani na yanayofika magotini, aliyarusha kwa rundo la fagia, zile za mwisho zisizochaguliwa, za kuuzia masoja wa mageti. "Nani atavaa blanketi yenye mikono?" alisema, nasi tukacheka.

Muema, tumeuza mitumba maisha yetu yote na hatujawahi kujiuliza wenye nguo huzivaa lini. Hilo jekundu ni koti la mwezi wa tano, la kwenda kununua ice cream! Upepo wa Januari unaingia kifuani na kutokea mgongoni. Na kwa basi la hapa kila mtu amevaa fagia. Wanafunzi, wamama, mpaka profesa wangu, wote masoja. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka watu wakasogea. Lakini sikumwambia Mathe. Alikuwa amejivunia lile koti sana.

Halafu nikamwambia. Ilikuwa Ijumaa, siku kumi na mbili zilizopita. Alinipigia flashi yake, nikampigia, akauliza kama kawaida, "Mwanangu, uko na baridi?" Kila siku nasema hapana. Siku hiyo sijui nilipatwa na nini. Nililia kama mtoto. Mama, naganda. Mama, koti halifai. Mama, siwezi kutoka kitandani. Akaongea na ile sauti yake ya sokoni, ya kumaliza maneno.

"Nyamaza. Koti la soja liko moja, zito kabisa. Nililiacha kwa nyumba Silanga, chini ya kitanda, ndani ya gunia. Kesho nitalifuata. Si Mama Kioko anakuja mwezi ujao? Atarudi nalo."

"Mama, usiende Silanga."

"Kwani Silanga ni kwa nani? Mama Akinyi tumekaa mlango kwa mlango miaka kumi na minne. Naingia mchana, natoka mchana."

"Mama, nasikia watu wanasimamishwa njiani, wanaulizwa majina wajulikane ni kabila gani."

"Si jina langu nalijua?" Akacheka. "Nitawaambia tu."

Kadi yangu ya simu ikaishia hapo. Sikumwambia kwaheri.

Jumamosi hakukuwa na flashi. Jumapili pia. Jumatatu saa mbili kamili simu ikalia, nikaruka kutoka kitandani kama kichaa. Mbili. Kisha tatu, nne, tano, mpaka ikanyamaza yenyewe. Nilipopiga ulishika wewe. "Mathe ameenda kwa maombi." Kesho yake, "Amelala, kichwa kinamuuma." Keshokutwa, "Anaoga." Anaoga jioni, Muema? Mathe, ambaye huoga kabla jogoo hajawika, na hutuita wavivu tukioga baada yake? Alhamisi nikamwitisha Aunty. Aunty Kalunde, ambaye hajawahi kuniachilia chini ya dakika ishirini, akasema, "Soma mwanangu, Mungu yuko," na sauti yake ilikuwa ikikwaruza. Akakurudishia simu.

Na nyuma yenu watu walikuwa wakiimba. Wengi, Kikamba, polepole. Ukaniambia ni redio. Redio haikohoi, Muema. Ijumaa wakaimba tena, ukaniambia ni maombi ya amani. Natamani iwe hivyo. Pengine kweli Kawangware yote inaomba amani, na ni haki yao. Lakini mimi nimekulia Nairobi hiyo hiyo. Najua ni nyumba gani watu huja kila jioni wakaimba, na chai ikapikwa kwa sufuria kubwa ya kuazima. Neno lenyewe sitaliandika.

Najua pia mnafanya nini, kwa sababu niliwahi kulifanya. Unakumbuka Kyalo wa Aunty akiwa kidato cha nne? Babake alizikwa yeye akiwa bwenini, karatasi tatu za mtihani zimebaki. Wakubwa wakasema, asiambiwe mpaka amalize. Na nani aliyemwandikia kadi ya kumtakia mafanikio? Ni mimi. Ndani nikaandika, kwa mwandiko mzuri, "Baba anakusalimia." Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikaona tumefanya jambo la akili. Kyalo alipita vizuri sana. Alishuka kwa gari akiwa na sanduku lake, anacheka, anauliza Baba yuko wapi, na sisi wote tukaangalia chini. Mwaka mzima hakunisemesha, na nilikuwa nikimwona ni mjeuri.

Sasa nawasikia kabisa. "Mutheu asiambiwe, atavunjika moyo kule peke yake, masomo yatapotea." Muema, masomo yameshapotea. Nimekuambia yangu yote ili usinionee huruma ya bure. Hakuna kitu kimebaki cha kunilindia.

Asubuhi nikikaa mbele ya ile taa napanga labda zangu. Labda Mathe yuko kwa Mama Akinyi, amefungiwa ndani kwa usalama wake, na simu aliiacha kwako ili isinyang'anywe. Labda ameumia mguu na hataki nijue. Labda mmegombana. Nazipanga, nazipangua, na zote zinaishia kwa lile gunia chini ya kitanda. Yeye alikuwa amekaa salama kwa dada yake. Mimi ndiye niliyemtoa, nikimlilia koti. Naogopa, ndugu yangu. Naogopa mpaka meno yananiuma. Na unajua aibu yangu ni ipi? Hata hii flashi ya uongo bado inaniamsha. Saa mbili kasoro niko macho, nimeshika simu kwa mikono miwili.

Sasa sikiza, na usijifanye mkubwa. Kama Mathe yuko, hata kama amelala chini, hata kama hawezi kuongea, mpe simu mkononi apige mwenyewe. Sitashika. Sitauliza kitu. Nikisikia mbili na kukatika nitavaa hilo jekundu lake niende darasani, naapa. Na kama hayupo, basi usipige tena. Usipige hata siku moja. Saa mbili ipite kimya na mimi nitaelewa. Nimeshamwomba yule nesi wa koleji, amesema siku hiyo nimwite, atakuja akae na mimi. Kwa hivyo usiogope kuninyamazia. Ninachoogopa ni hivi unavyonipigia.

Koti la soja usimpe Mama Kioko, hata kama liko hapo nyumbani, hata kama ni zuri namna gani. Sitaweza kulivaa.

Nisalimie Aunty Kalunde, dada ya mama yetu, umwambie simkasirikii, najua anabeba kitu kizito. Nisalimie Kyalo binamu yetu. Mwambie nimemwelewa leo, nimechelewa miaka. Ukipata njia ya kufika salama, lakini ikiwa salama tu, nisalimie Mama Akinyi jirani yetu, mama wa pili tuliyepewa na ploti. Muulize kama Jumamosi ile alimwona Mathe akiingia. Muulize kama alimwona akitoka. Muulize polepole, najua na yeye ana yake. Na Mathe, msalimie.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni, nikingoja neno lako,

Mutheu

N.B. Kabla sijafunga bahasha saa mbili imefika, na simu imelia. Nimehesabu kwa kidole hapa mezani. Moja. Mbili. Nikashika pumzi, Muema, nikasema Mungu wangu, ikatike. Tatu. Nne. Tano.

Mpe Mama simu.